Fundi wa Mabehewa Aliyepinda Njia Ndani ya Chombo cha Anga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hapa Mikelenge, mjini Kindu, Papa Tshimpaka analala chali chini ya kiti ambacho kinatakiwa kupita mwezi na kuendelea mbele. Miguu iko nje, viatu havina kamba, na misumari mine iko katikati ya midomo. Anagonga, anasikiliza mbao, anagonga tena.

Hangari hii zamani ilikuwa ya kuanikia matofali. Leo ukisukuma mulango wa bati unakuta chumba kirefu sana, metre kumi na tano, upana wake metre mbili na nusu tu. Nusu imepakwa rangi nyeupe, nusu bado mbao tupu. Kule mbele kuna meza yenye vifungo zaidi ya mia moja, vingine vifuniko vya chupa, vingine vimetolewa kwenye rimoti zilizokufa. Kuku wa jirani anatembea katikati polepole, anaangalia kushoto na kulia kama yeye njo kapiteni.

"Anakuja kila asubuhi," anasema Papa Tshimpaka, bado chini ya kiti. "Nilimufukuza siku ya kwanza, siku ya pili. Sasa nimemuacha. Yeye njo abiria wa kwanza kuzoea."

Papa Tshimpaka iko na miaka makumi saba na mbili. Kwa miaka makumi tatu na moja alikuwa fundi mbao wa reli. Viti vya daraja la tatu, vitanda vya daraja la kwanza, milango, madirisha, hata zile ndoano za kutundikia kofia, vyote vilipita mikononi mwake. Baba yake alikuja Kindu kutoka Kasai na kazi hiyo hiyo, wakati treni ilikuwa bado inafika kwa saa yake na watu walivaa suruali nzuri kwenda tu kuiangalia ikiingia. Lakini hiyo habari ni ndefu, tuiache.

Siku hizi anatengeneza vigoda. Kimoja dola tano, na wiki ikiwa nzuri anauza vitatu. Kwa hiyo vijana wa filme walipokuja kumuambia wako na kazi ya mwezi muzima, dola makumi mbili kwa wiki, hakuuliza mambo mingi. Aliuliza tu kitu chenyewe kinaenda wapi.

Wakamujibu kinaenda kwenye nyota. Safari ya miaka makumi ine.

"Nikasema sawa," anasema. "Nimeshajenga behewa la kwenda Lubumbashi, na lenyewe siku fulani lilichukua mwezi."

Anayeongoza filme ni Falone, binti wa miaka makumi mbili na sita, muzaliwa wa hapa Kindu. Wenzake wanamuita bosi, kwanza kwa kumutania, sasa kwa ukweli. Hadithi aliandika yeye mwenyewe: watu wa vijiji vitatu wanaondoka duniani na mbegu zao, na vyungu vyao, na wazee wao, wanaenda kutafuta udongo mwingine. Itaonyeshwa vipande vipande kwenye telefone, na mwisho yote pamoja kwenye sale ya paruasi, ule ukumbi wa kanisa.

Falone alijua anataka nini. Ndani kuwe kweupe, laini, taa zifichwe kwenye dari, na njia ndefu iliyonyooka toka mulango mupaka kwa kapiteni. Ili muzee aelewe, alimuomba Idrissa, kijana wa kamera, amuonyeshe filme za wazungu kwenye telefone yake. Waliangalia tisa kwa siku tatu.

Sasa hapa njo kazi ilianza kuwa tamu. Watu wengine wakiangalia filme za namna hii wanaangalia bunduki za moto, na yule muntu wa kijani. Papa Tshimpaka aliangalia kuta. Kila mara alikuwa anamushika Idrissa mukono, anasema simamisha hapo, rudisha nyuma kidogo, ondoa yule mwanamuke mbele ya mulango, nione bawaba. Idrissa alimueleza kwamba haiwezekani kumuondoa mwanamuke kwenye filme. Muzee alisikitika kweli.

"Nikagundua kitu," anasema, na sasa ametoka chini ya kiti, amekaa, anatoa misumari mudomoni moja moja. "Hakuna hata mumoja kati ya wale mafundi aliyewahi kufika kule juu. Kwa hiyo kila mutu anaiba kule alikotoka. Mumoja, vitanda vyake viko juu kwa juu, milango ya duara, unainua muguu kuingia. Huyo anajua meli, kabisa. Mwingine kila kitu cheupe, unaona watu wanatembea bila sauti. Huyo alilazwa hospitali akiwa mutoto, ikamubakia. Mwingine mabomba tupu, maji yanadondoka, giza. Nikamuambia Idrissa, huyu ni mutoto wa kiwanda. Mungeniletea mutu wa migodi ya Kalima aliyefanya kazi kwenye mashine ya kuosha mawe ya bati, naye angejenga vile vile."

Idrissa anasema alizoea kuona zile filme kama vitu vilivyoshuka tu kutoka mbinguni. Tangu alipokaa na muzee, hawezi tena. Juzi aliangalia moja kwa dada yake, akasimama kusema kiti cha kapiteni ni kiti cha kinyozi. Walimuomba akae ao atoke nje.

Falone naye alifurahi. Alisema kama kila mutu anaiba kwao, basi muzee aibe kwao, aweke behewa la Kindu kwenye anga. Hakujua ameruhusu nini.

Viti kwanza. Papa Tshimpaka alikataa vile viti vya filme ambavyo vinafanana na yai lililovunjika. Alikata vipande vya mbao vyembamba, akavipinda kwa mvuke wa maji ya sufuria, akavipanga kufuata mugongo wa muntu, namna ya daraja la tatu. Emerance, mwalimu anayecheza kama bibi muzee wa kijiji, alikaa pale dakika kumi kujaribu na akalala usingizi.

Kisha ikaja habari ya mashimo. Falone alifika asubuhi moja akakuta sakafu ya chombo cha anga ina mashimo kumi na mawili, mazuri, yamepangwa kwa kamba. Akauliza ni ya nini. Papa Tshimpaka akamuambia ni ya kutoa maji siku ya kuosha, kila behewa iko nayo, bila hiyo mbao zinaoza kwa mwaka mumoja. Falone akakaa chini akaeleza taratibu kwamba kule juu nje hakuna hewa, na shimo moja tu, hata dogo la musumari, watu wote wanakufa.

Muzee aliinama, akapitisha kidole kwenye shimo moja. Halafu akauliza, "Sasa harufu inatoka wapi?"

Falone alitafuta kwenye zile filme tisa. Hakuna hata moja iliyosema. Papa Tshimpaka akaziba mashimo yote kumi na mawili bila kinyongo, juu ya kuona binti anasema ukweli, lakini akaandika lile swali kwa kalamu nyuma ya ubao. Bado liko pale, ukitaka kulisoma.

Kitu ambacho hakutaka kuziba wala kutoa ni kingine.

Siku ya kumi na moja, Idrissa aliingiza kamera. Ameifunga kwenye kigari cha magurudumu mine, inateleza vizuri. Picha ya kwanza ya filme, ile ambayo Falone aliiota hata kabla ya kuandika hadithi, ni kamera inayoanza mulangoni na kwenda moja kwa moja, polepole, chombo kizima mupaka kwa kapiteni, bila kukata. Idrissa akasukuma. Metre tatu tu, akagonga ukuta.

Njia ilikuwa imepinda. Kutoka mulangoni unakutana na ukuta wa triplex, zile mbao nyembamba za kiwanda, unageuka kushoto, unapita kwenye kachochoro ka santimetre makumi sita, unageuka tena, njo unatokea kwenye viti. Na nyuma ya ule ukuta kuna chumba kidogo, kitanda kimoja, rafu moja, ndoano moja. Ukisimama mulangoni huoni kitu. Hata ukipita, huoni aliyelala.

Falone alisema ukuta utoke. Alisema kwa heshima, aliita papa, alieleza habari ya picha yake. Hangari inarudishwa kwa mwenyewe mwisho wa mwezi, na walimu wanaocheza kwenye filme wanarudi shuleni. Papa Tshimpaka akasema ndiyo, mwanangu. Kesho yake alipaka rangi kwenye dari. Kesho kutwa alitengeneza meza. Siku ya tatu Falone alimuuliza tena, akasema ndiyo, akaenda kutafuta gundi.

Idrissa akaanza kusema chini chini kwamba muzee amechoka, atafutwe kijana mwenye nyundo. Na kweli nyundo iliwekwa pale karibu na ukuta, Idrissa mwenyewe aliiegemesha, kusudi ionekane.

Aliyemaliza ile habari ni Mama Bitota, bibi aliyeolewa na Papa Tshimpaka. Alikuja muchana na wali na sombe ya majani ya muhogo, jinsi anavyokuja kila siku, lakini siku hizo zote alikuwa anaachia chakula mulangoni. Siku ile aliingia. Aliona ukuta, akaona na nyundo. Akamuita Falone kando, lakini Mama Bitota hana sauti ya kando, kila mutu alisikia.

"Binti yangu, huo ukuta ni wa mama yangu," akasema. "Huyu alishauvunja mara moja. Usimuambie auvunje mara ya pili."

Tukumbuke ile miaka ya vita. Wakubwa wanajua, watoto wanasikia tu. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tisa, Papa Tshimpaka alitumwa Kibombo kutengeneza mabehewa matatu yaliyoharibika. Vita ilikuwa imetulia kidogo, watu walidhani imeisha, akachukua bibi yake, watoto wawili, na mama mukwe, Mama Misenga, ambaye nyumba yake ilikuwa imeungua. Wiki ya pili, njia ya reli ikakatwa upande wa Kindu. Wiki ya tatu, upande wa pili. Mjini kulikuwa na waasi, msituni wapiganaji wa mai-mai, na katikati behewa moja la daraja la tatu kwenye reli ya kando, na watu watano ndani.

Walikaa miezi kumi na ine.

Na heshima ya bukwe, ile ya wakwe, kwa watu wa Kasai, si muchezo. Mwanaume hali chakula mbele ya mama wa bibi yake. Hapiti karibu naye akiwa amelala. Hamuangalii usoni. Nyumbani ni rahisi, kila mutu na nyumba yake. Ndani ya behewa lenye mulango mumoja tu unaofunguka, na ule mulango uko upande wa mama mukwe, utafanya nini?

"Alipita dirishani," anasema Mama Bitota, na anaanza kucheka kabla ya kumaliza. "Mwanaume muzima, fundi wa reli. Asubuhi dirishani, muchana dirishani. Mvua inanyesha, yeye muguu mumoja ndani, muguu mumoja nje. Walinzi wa stesheni walikuwa wanakuja na viti vyao kuangalia."

"Walikuja mara mbili tu," anasema Papa Tshimpaka.

"Walikuja kila siku ya Mungu."

Mwezi wa kwanza ulipoisha, alitoa migongo ya viti, akajenga ukuta na njia ya kupinda. Kutoka siku hiyo alipita wima kama watu. Alikuwa anagonga ubao mara mbili, ndani Mama Misenga anakohoa, njo ruhusa, anapita. Yeye hamuoni, mama hamuoni.

Na hapa kuna jambo ambalo muzee analisema polepole sana. Kabla ya ule ukuta, katika miaka kumi na sita ya ndoa, hakuwahi kuzungumza na mama mukwe zaidi ya salamu. Ukuta ulipokuwepo, walianza kusema. Yeye amekaa upande huu anachonga kijiko, mama amelala upande ule. Mama alimueleza namna alivyoletwa Kindu akiwa musichana, kwa treni, na alivyoogopa daraja la muto. Alimuuliza mbao gani haipasuki. Alimuambia bibi yake Bitota alikuwa mutoto wa namna gani, mambo mengine Bitota mpaka leo anakana.

"Sura yake siwezi kukuchorea," anasema Papa Tshimpaka. "Lakini sauti, hata sasa, ikiniita nyuma yangu nitageuka."

Mama Misenga alishikwa na homa mwezi wa kumi na mbili. Hakukuwa na dawa, hakukuwa na njia ya kwenda kuitafuta. Siku za mwisho alikuwa hawezi kukohoa kwa nguvu, akawa anakwaruza ubao kwa ukucha.

Na alipokufa, walimulaza kwenye ubao murefu ili wamutoe. Njia ilikuwa imepinda. Ubao haupindi. Walijaribu kuugeuza, wakashindwa, na hapakuwa na mwanaume mwingine pale zaidi ya mulinzi mumoja muzee wa stesheni. Basi Tshimpaka akachukua nyundo, akavunja ukuta wake mwenyewe, uso ameugeuzia pembeni, mupaka mwisho. Miezi miwili iliyobakia walikaa humo bila ukuta, na kila alipopita pale aliinamisha kichwa na kugonga hewani.

Falone aliuzunguka ule ukuta. Aliingia kwenye kile chumba kidogo cha chombo chake cha anga, akakaa kitandani, akafunga pazia. Alikaa karibu nusu saa. Idrissa alidhani amelala.

Alipotoka hakusema ukuta ubaki. Alimuuliza Papa Tshimpaka kama kweli alikuwa amepanga kuujenga kwa ajili ya mama mukwe.

"Hapana," akamujibu. "Nilianza tu kwenye mulango, mikono ikaenda. Nilipoona nimefanya nini ilikuwa tayari. Lakini fikiri, mwanangu. Zile filme zote tisa, nilitafuta. Kuna fasi ya kapiteni, ya munganga, ya bunduki, hata ya paka nimeona. Hakuna hata moja yenye fasi ya mama mukwe. Miaka makumi ine. Watu wataishi namna gani?"

Falone akasema na yeye pia ana haki ya picha yake. Muzee akakubali, kwa kuwa kazi ni ya binti na hadithi ni yake. Wakakaa wote wawili wanaangalia ule ukuta kama watu wanaoangalia ng'ombe mugonjwa. Mama Bitota akawaambia wali unapoa.

Walikula. Halafu Papa Tshimpaka akatoka kwenda nyumbani, akarudi na bawaba tatu za shaba alizozitunza tangu kazi ya reli, na akafanya kazi mupaka jioni. Ukuta ukawa unafunguka kama mulango. Ukiufungua wote, unalala pembeni, njia inanyooka, kigari kinapita. Ukiufunga, njia inapinda.

Idrissa akaja kujaribu. Akausukuma, haukuenda. Akatafuta komeo, hakuiona.

"Papa, komeo iko wapi?"

"Ndani."

"Na mimi niko nje."

"Utagonga. Mara mbili. Akikohoa, atakufungulia."

"Na kama hataki?"

"Basi hujapita."

Idrissa akamuangalia Falone. Falone akaangalia dari. Komeo ikabaki ndani.

Walipiga ile picha Jumatano. Emerance, yule mwalimu anayecheza bibi muzee, alikuwa chumbani. Idrissa akaanza mulangoni na kigari chake, polepole, akafika kwenye ukuta, akagonga mara mbili. Akagonga tena. Ndani Emerance akajibu, kwa sauti ya kila siku wala si ya filme, kwamba asubiri, anafunga kitenge. Watu wote waliziba midomo. Kamera ikasimama pale, inaangalia ubao mweupe, pengine dakika moja nzima. Halafu ukasikia kikohozi, komeo ikavutwa, ukuta ukafunguka taratibu, na chombo chote kikaonekana mupaka mwisho, na watu wamekaa kwenye viti vyao.

Falone alikuwa amepanga picha ya dakika mbili bila kusimama. Ameiacha hivyo, na lile neno la kitenge ameliacha ndani. Anasema njo pale anaposikia kwamba ndani ya kile chombo kuna watu.

Papa Tshimpaka hajaiona bado. Idrissa alitaka kumuonyesha kwenye telefone, akakataa, anataka kuiona kwenye sale pamoja na Mama Bitota, yeye mwenyewe amevaa suruali nzuri. Kwa sasa iko na shida nyingine. Triplex imebaki mbili tu, moja dola makumi mbili na munane, na Falone hana pesa ya kununua zingine.

Asubuhi hii ametoa chaki mufukoni, amechora musitari kwenye sakafu upande wa nyuma, karibu na pale ambapo kuku analala. Falone anamuuliza ni nini tena.

"Wasichana wanaopanda chombo wako wangapi?" anauliza muzee.

Falone anafungua daftari lake, anahesabu majina kwa kidole.

"Saba."

"Wataolewa humu humu, hakuna kwingine," anasema Papa Tshimpaka, na anapiga goti kupima. "Nisogezee hicho kiti, mwanangu. Tuko na kuta saba za kujenga, na mama zao wote wako hai."